Damu ya Mzima wa Saba

Asubuhi ile ya Ijumaa Darubini alipigwa na butwaa mpaka akasahau kufumba mdomo. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta ya maabara, glavu moja mkononi, ya pili imeanguka sakafuni, na macho yake hayakubanduka kwenye kioo.

Alikuwa anaitazama damu ya mwanamume aliyempenda. Na damu ile ilikuwa inamwambia jambo ambalo hakuna binti anayetaka kuambiwa.

Jina la Darubini hakupewa na wazazi wake. Alipewa na Fundi, yule fundi wa lifti aliyekuja kumtoa siku alipokwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, amekumbatia darubini ya maabara kama mzazi aliyetoka kujifungua.

"Dada, nipe kwanza hicho kifaa, halafu nikuvute wewe," Fundi alimwambia siku hiyo, kichwa kinaning'inia kutoka juu.

"Tutoe wote pamoja au utuache wote humu."

"Haya, Darubini, shikilia mkono."

Mkono ule aliushikilia, na tangu siku hiyo hakutaka kuuachia. Huu ulikuwa mwaka wa pili.

Pale maabara alikuwa mwanasayansi mchanga kuliko wote kwa cheti, na mkubwa kuliko nusu yao kwa umri. Miaka sita aliosha vyombo vya kioo katika jengo hilohilo, na kila jioni akavua aproni na kwenda darasani na watu waliochoka kama yeye. Alifeli kemia mara mbili. Akasali, akarudi, akafaulu. Alipopata shahada yake alitaka kuchunguza vijidudu vya maji, lakini Profesa alimwazima kwa miezi mitatu tu, amsaidie kuiweka sawa mashine mpya ya utafiti wa limfoma, ile saratani inayoanzia kwenye seli za kinga na kuvimbisha tezi. Miezi hiyo ilikuwa inaisha wiki hii. Profesa alikuwa amemwambia, "Ukitaka kubaki kwangu, nafasi ipo. Nijibu kabla ya Jumatatu."

Kila asubuhi kabla ya kuiwasha mashine, Darubini aliinamisha kichwa na kusema ombi moja: "Ee Mungu, nionyeshe kilichopo, si ninachokitaka." Leo kwa mara ya kwanza alitamani ombi lake lisingesikika.

Mashine ile ilipitisha seli za damu moja moja mbele ya mwanga, ikazisoma. Kwa mtu asiyeumwa, seli za kinga za aina fulani huwa kama wanafunzi wa shule mbili waliochanganyika barabarani, wengine sare hii, wengine sare ile. Lakini zikitokea zote zimevaa sare moja, maana yake zimezaliwa na seli moja iliyoasi, nayo inazidi kuzaa. Ili mashine ijue ugonjwa ulivyo, lazima kwanza ifundishwe uzima ulivyo. Kwa hiyo walihitaji damu ya watu wasioumwa. Pale kazini waliwaita kwa namba: Mzima wa Kwanza, Mzima wa Pili, mpaka kumi.

Na huyu wa saba, karibu seli zake zote zilikuwa na sare moja.

"Huyu ni mgonjwa wetu yupi?" sauti ya Profesa ikamshtua kutoka nyuma. "Maskini. Imeshamwenea."

"Si mgonjwa, Profesa. Ni mzima. Mzima wa Saba."

Profesa akavuta kiti. "Umechanganya tyubu."

"Nimerudia mara tatu."

"Umekosea rangi za kupaka seli."

"Nimebadilisha rangi. Nimepitisha na Mzima wa Sita, yuko sawa. Ni huyu tu."

Wakatazama kioo wote wawili. Halafu Profesa akauliza swali ambalo Darubini alijua linakuja. "Alitolewa damu hapa, mbele yako?"

"Hapana."

"Lakini fomu ina sahihi yako, kwamba ulishuhudia."

"Ndiyo, Profesa." Machozi yalikuwa yanamlenga. "Watu wawili waliahidi wakaacha kuja, na wewe ulitaka kumi kufikia Alhamisi. Nikampa mchumba wangu fomu na tyubu. Mama yake ni muuguzi mstaafu, nikasema atamtoa vizuri kuliko sisi. Nikasaini."

"Mchumba wako." Profesa alivua miwani, akaisugua machoni badala ya kuisugua kwenye koti, kama mtu aliyesahau kipi ni kipi. "Kwa hiyo hii ni damu ya mchumba wako."

Darubini alitikisa kichwa kukubali.

"Sikiliza. Kuhusu sahihi, tutaongea Jumatatu, na hatutaongea vizuri. Lakini leo kuna binadamu anatembea huko nje hajui. Vaa viatu vyako vya nje uende. Jumatatu uje naye hapa, atolewe damu upya kwa jina lake."

"Atapona, Profesa?"

"Mashine hii haijibu swali hilo, na wewe unajua. Nenda."

* * *

Fundi alikuwa kwenye jengo la ghorofa kumi, anafanya kazi juu ya kibanda cha lifti, gizani, na utupu wa ghorofa nane chini ya miguu yake. Alipomwona Darubini amesimama mlangoni alicheka mpaka meno ya mwisho yakaonekana.

"Hee! Leo maabara imekufukuza? Au umenikumbuka mpaka seli zimeungua?"

"Toka huko."

"Ngoja nikaze nati mbili..."

"Toka huko, nakuomba."

Akatoka. Mikono ilikuwa na grisi mpaka kiwiko, akainyoosha mbali ili asimchafue. Darubini aliishika hivyohivyo, na grisi yake. Aliutazama uso ule aliouzoea, kidevu chenye kovu dogo, macho yanayocheka kabla ya mdomo. Aliutafuta ugonjwa usoni pale, hakuuona, na hilo likamuumiza zaidi.

"Unanitisha," Fundi alisema. "Mama yangu amekuja kukutukana kazini?"

"Mama yako hajafanya kitu. Kaa."

"Nitakaa wapi?"

"Kaa popote, kaa chini!"

Akakaa juu ya sanduku la vifaa. Darubini akapiga magoti mbele yake kwenye sakafu ya saruji, akamwambia. Hakuzungusha. Walimfundisha darasani kwamba habari mbaya isemwe kwa maneno machache. Hawakumfundisha afanye nini na sauti yake ikigoma katikati. "Ile damu uliyonipa Jumanne," alisema. "Nimeiona leo. Ina ugonjwa. Inaonekana ni limfoma. Mpenzi wangu, sijui ni ya aina gani, sijui imeanza lini, lakini ipo. Nimeiangalia mara tatu."

Fundi alikodoa macho. Rangi ilimtoka usoni taratibu, kuanzia midomoni. Aliangalia mikono yake, akaigeuza, akaangalia viganja, kama mtu anayetafuta mahali ilipoandikwa.

"Mimi?" alisema.

"Nitakuwa na wewe. Kila siku. Hata kama mama yako..."

"Subiri." Akamkamata mabega. "Subiri kwanza. Damu ya Jumanne? Zile tyubu tatu zenye kizibo cha zambarau?"

"Hizo."

Ndipo likatokea jambo ambalo Darubini hakulitarajia hata kidogo. Fundi aliruka juu. Alimnyanyua kutoka sakafuni akamzungusha, anacheka na kulia kwa pamoja, sauti ikijaa kwenye ule utupu wa lifti mpaka chini.

"Si yangu! Darubini, si damu yangu! Asante Mungu! Asante Mungu wangu, asante!"

"Niweke chini! Unasema nini?"

"Sikutolewa hata tone. Ninaogopa sindano, sikukuambia. Mtu mzima na ndevu zangu, ninaning'inia juu ya ghorofa kumi, nikiona sindano naanguka kama gunia. Niliiona tu mkononi mwa mama, nikazimia. Nilipozinduka, tyubu zimejaa, na yeye amebana pamba kwenye..."

Sentensi haikufika mwisho.

Mikono yake iliyokuwa imemshika Darubini kiunoni ililegea. Kicheko kilibaki usoni kwa muda, kimesahauliwa pale, halafu kikadondoka chote.

"Amebana pamba wapi?" Darubini aliuliza, ingawa alikwishajua.

"Kwenye mkono wake," Fundi alisema. "Akaniambia, 'Mpelekee, damu ni damu. Lakini ukimwambia mwenzako umezimia kwa sindano, hatakuheshimu tena maisha yako yote.' Nikaona aibu. Nikanyamaza."

Walisimama wakitazamana. Chini kabisa mtu aligonga mlango wa lifti, akauliza kwa hasira kama itatengenezwa mwaka huu.

"Nimeshukuru," Fundi alisema polepole. "Umenisikia. Nimemshukuru Mungu kwa sauti, nikarudia."

"Hukuwa umefikiria."

"Nilikuwa nimefikiria. Nilijua ni ya nani kabla sijafungua mdomo. Mdomo ulitangulia tu." Alijifuta uso kwa kiganja, grisi ikampaka kutoka jicho hadi sikio. "Mama yangu. Nimeshangilia kwamba ni mama yangu."

Darubini alitaka kumkumbatia na alitaka kumpiga kofi. Kwa saa tatu nzima alikuwa amemzika mtu huyu. Alikuwa amejiona mjane kabla ya kuolewa, njia nzima kuja hapa, na abiria wenzake wakimtazama machozi yakimtiririka. Yote kwa sababu mwanamume mwenye mabega kama mlango aliona aibu.

"Ulinidanganya," alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi nimesaini uongo wako. Kazi yangu iko kwenye karatasi ile. Unaelewa? Huenda Jumatatu nikarudi kuosha vyombo."

"Nitakwenda mwenyewe kwa Profesa, nitasema ni mimi."

"Aliyesaini ni mimi." Akashusha pumzi. "Vaa shati lako. Twende kwa mama."

Fundi hakusogea. "Atasema nini akikuona wewe ndiye umeleta habari hii?"

Hilo ndilo Darubini naye alikuwa anajiuliza. Mwaka mzima mama yake Fundi alikuwa amekataa kutoa baraka zake. Neno lake lilikuwa moja, na alilisema mbele za watu: "Mwanamke anayechungulia damu za watu mchana kutwa, mume atamwangalia saa ngapi?"

* * *

Mama yake Fundi, aliyekuwa mkuu wa wauguzi, watu wote walimwita Matroni, hata majirani ambao hawakuwahi kulazwa. Alikuwa amestaafu miaka minne, lakini nyumba yake bado ilikuwa wodi: pazia limenyooka, shuka imekunjwa kona mpaka unaogopa kukaa, saa ya ukutani iko mbele kwa dakika tano ili pasiwe na mtu wa kuchelewa.

"Shikamoo, mama," Darubini alisema mlangoni.

"Marahaba." Matroni alimtazama yeye, akamtazama mwanawe mwenye grisi usoni, akarudi kwake. "Nilikutegemea jana."

Darubini alidhani hakusikia vizuri. "Mama?"

"Jana. Mashine yenu mpya ikiwa kama inavyosifiwa, kazi ya Jumanne haifiki Ijumaa. Au mnapiga soga? Kaa. Na wewe nenda ukanawe uso, umekuwa kama chungu."

"Sitoki," Fundi alisema.

"Basi kaa na uchafu wako, lakini si kwenye kiti changu."

Akakaa mkekani. Matroni alivuta stuli, akajiweka mbele ya Darubini, magoti karibu kugusana. Akauliza kwa sauti ya kazini, ile iliyowahi kuwatetemesha madaktari wanafunzi:

"Ngapi kwa mia?"

Njia nzima Darubini alikuwa amepanga maneno, lipi litangulie, lipi lifuate. Hakuna hata moja lililokuwa jibu la swali hili.

"Ulikuwa unajua," alisema.

"Nimekuuliza ngapi kwa mia."

"Katika zile seli za kinga, tisini na sita sare moja. Mama, ulikuwa unajua?"

Matroni alifungua vifungo viwili vya juu vya gauni, akainamisha kichwa pembeni. Pale juu ya mfupa wa bega palikuwa na uvimbe, mmoja, wa pili, kama kokwa chini ya ngozi. Fundi alitoa sauti ndogo kule mkekani.

"Miezi minne," Matroni alisema. "Nilianza kutoka jasho nikilala, mpaka nabadilisha shuka. Nimewauguza wa namna hii, mwanangu. Sihitaji kusomewa."

"Kwa nini hukwenda hospitali?"

"Hospitali ipi? Ile niliyoiongoza? Wale niliowafundisha kutandika kitanda waje wanitandikie mimi, wanifunue, wanong'one nje ya mlango, 'Umemwona Matroni alivyokwisha?'" Akafunga vifungo. "Halafu siku ile huyu dume langu akaanguka hapo chali, sindano haijamgusa. Nikaangalia tyubu. Nikasema, hii ndiyo njia. Nimpelekee yule binti. Akiiona na akawa mtu, atakuja. Akiiona akaitupa ili kulinda kazi yake, hapo pia nitakuwa nimejua kitu."

Darubini alisimama. Hakukusudia, miguu ilisimama yenyewe. Hakuwahi kumwinulia mama huyu sauti, wala mama yeyote, na sauti iliyomtoka alikuwa haijui.

"Ulinijaribu? Kwa damu? Mimi nilijua ni yake! Tangu saa tatu asubuhi nilijua mwanao anakufa! Nimempigia magoti kwenye saruji nikamwambia anakufa! Nimemzika leo, mama. Nimemzika mzima mzima, nikiwa kwenye kiti cha basi!"

Matroni akamgeukia mwanawe.

"Hukumwambia ni damu yangu?"

"Si ulisema nisiseme?"

"Nilisema usimwambie umezimia! Nani alikuambia umfiche damu ni ya nani?"

"Ningeelezaje moja bila lingine?"

"Ungesema mama amejitolea! Mungu wangu, mtoto gani huyu!" Matroni aliibana mikono yake katikati ya magoti. "Binti, keti. Keti, nakuomba. Nilidhani anakuja kukuambia ni ya mama. Nilidhani utaangalia damu ya kizee kisichokupenda, ushtuke kidogo, basi. Sikukusudia uione kama ya kwake. Hilo nisingemfanyia hata adui. Nisamehe."

Neno hilo Fundi hakuwahi kulisikia nyumbani kwao. Alinyanyua kichwa kama mtu aliyesikia hodi kwenye nyumba isiyo na mlango.

Darubini alikaa, akalia kwa kwikwi, uso kwenye viganja. Matroni hakumkumbatia. Alimwangalia tu alivyokuwa analia, kwa makini, jinsi muuguzi anavyoangalia pumzi. Baada ya muda akasema, "Kumbe unampenda hivi."

"Ulidhani nampenda vipi?"

"Nilidhani unampenda jioni, ukishamaliza kazi."

Fundi alicheka bila kutaka, na kicheko kikageuka kilio katikati.

"Mama, Jumatatu tunakwenda," alisema. "Tutakubeba ukikataa."

"Utanibeba na nani, na sindano ziko kule?" Halafu akaacha mzaha. "Nilitaka kujua, nimejua. Kutibiwa ni habari nyingine. Sitaki kuwa maonyesho."

"Hujajua, mama," Darubini alisema, akijifuta pua. "Wala mimi sijajua. Mashine inasema seli zimeasi, haisemi ni za aina gani. Zipo zinazokwenda taratibu, mtu anaishi nazo miaka mingi. Zipo kali ambazo dawa inazikamata vizuri, wakiziwahi. Lazima tezi moja itolewe iangaliwe. Ukikaa hapa utakufa kwa kubahatisha. Wewe, muuguzi!"

Matroni aliitazama saa yake ya ukutani iliyo mbele kwa dakika tano.

"Nani ataangalia?"

"Sisi. Maabara yetu."

"Sijauliza maabara. Utaangalia wewe?"

Darubini alisita. "Kama Profesa ataniacha niendelee kuwepo pale. Nilisaini kwamba nilishuhudia damu ikitolewa, na sikuwepo."

"Basi sikia sharti langu. Ukiangalia wewe, nitakuja. Wewe ulikuja na kosa lako mkononi ukaniambia. Mwingine simjui. Asiguse mtu mwingine. Tumeelewana?"

"Nitamwomba Profesa," alisema Darubini. Na moyoni akaahidi zaidi ya alichosema.

* * *

Jumatatu walikaa watatu mbele ya meza ya Profesa, Matroni katikati, amevaa gauni la kutokea na mkoba mapajani, kama aliyekuja kukagua.

Profesa hakumung'unya maneno. Kosa la sahihi lingeandikwa kwenye faili. Kwa miezi sita Darubini asingegusa fomu ya mtu yeyote bila msimamizi kando yake, na mashine ingefundishwa upya kuanzia Mzima wa Kwanza, jasho lote la miezi mitatu limwagike. Darubini alikubali kila neno, kichwa chini.

"Sasa lile swali la pili," Profesa alisema. "Nilikupa mpaka leo. Bado unataka maji?"

"Bado nina nafasi hapa, Profesa?"

"Ungeficha, usingekuwa nayo. Wewe uliniambia kabla sijakuuliza mara mbili. Unabaki kwenye limfoma, au unakwenda kwenye maji?"

Darubini aliyafikiria yale maji, kazi safi, vijidudu visivyo na mama wala mchumba. "Nabaki," alisema.

"Basi jaza hii. Kila mtafiti anaijaza kwa kila mgonjwa anayeingia."

Ilikuwa karatasi moja. Swali la kwanza namba ya mgonjwa. La pili jina la mtafiti. La tatu: *Je, mtafiti ana uhusiano wa kifamilia na mgonjwa huyu?* Na chini yake, kwa herufi ndogo: *Kama jibu ni ndiyo, mtafiti hataruhusiwa kusoma sampuli za mgonjwa huyu kwa namna yoyote.*

Kalamu ilisimama hewani.

"Mbona huandiki?" Matroni aliuliza.

Darubini akamsomea, kwa sauti, mpaka zile herufi ndogo. Fundi alifumba macho.

Kwa kweli, hakuwa na uhusiano. Hakuwa ameolewa. Hapakuwa na baraka, hapakuwa na tarehe, hapakuwa na neno lolote lililosemwa na wakubwa. Angeandika "hapana" na hakuna ambaye angemwita mwongo. Sharti la Matroni lingetimia, tezi ingetolewa leo, na macho yake yeye ndiyo yangeisoma. Akiandika "ndiyo," Matroni angeweza kuchukua mkoba wake na kuondoka na kokwa zake shingoni. Lakini mkono wake ulikumbuka sahihi ya Jumanne iliyopita, na haukutaka kushuka.

Alimtazama Profesa.

"Usiniangalie mimi," Profesa alisema. "Hilo siwezi kukuandikia."

"Mama," Darubini alisema, sauti chini. "Sijui niandike nini. Nikisema hapana, nitakuangalia mimi. Lakini nitakuwa nimesema hapana."

Matroni alinyoosha mkono, akavuta karatasi, akaisoma mwenyewe kwa kuisogeza mbali na macho.

"Ukisema ndiyo, nani ataisoma?"

"Mwenzangu wa chumba cha pili. Sijui atakuwa nani, wanapangwa."

"Ananijua?"

"Ataiona namba tu."

"Na wewe, wakati yeye anasoma yangu, utakuwa unasoma ya nani?"

"Ya mtu nisiyemjua. Mama wa mtu."

Matroni alipekua mkoba, akatoa leso, hakuitumia, akairudisha. Mwanawe alikuwa amemshika bega, naye hakumkemea.

"Yule wa chumba cha pili," alisema mwishowe, "yeye naye ana mama yake?"

"Sijui. Nadhani."

"Basi atajua kazi yake." Akaisukuma karatasi irudi mezani, mbele ya Darubini, akainyoosha kwa kiganja kama anayenyoosha shuka. "Andika ndiyo."

"Mama..."

"Andika ndiyo, mwanangu, watu wana kazi hapa."

Darubini akaandika. Herufi zilicheza kwa sababu alikuwa haoni vizuri. Chini ya neno lile palikuwa na mstari mwingine: *Taja uhusiano.* Hapo mkono ukagoma tena, akabaki anautazama mstari mtupu, na tone likadondoka pembeni yake.

"Mkwe," Matroni alisema. Alilitamka bila kumwangalia mtu, macho kwenye dirisha. "Neno fupi hilo. Unalia kama umeambiwa uandike kitabu."